Sentensi ya Ayiko

Mimi ni mwalimu mwenye mdomo, nakiri mapema ili usije ukanionea huruma. Nafundisha watu wazima Kiingereza, alasiri, katika chumba cha kupanga kule Oli, pembeni mwa mji wa Arua. Wanafunzi wangu ni wauza unga, mafundi cherehani, watu wa bodaboda. Kwa miaka minne kitu kimoja kimewasumbua kuliko vyote: mahali pa kuweka maneno ya muda. Sisi tukisema "mama anapika siku zote," hiyo "siku zote" tunaitupa mwishoni, au tunaanza nayo, na hakuna anayelalamika. Mwingereza hataki. Neno lake "always" lazima lisimame katikati, baina ya mtendaji na kitendo, kama mtu aliyejipenyeza kwenye foleni.

Basi nikabuni mbinu. Nilikata maboksi ya sabuni, nikaandika neno moja moja kwa wino mzito, nikawapa watu wayashike kifuani. Mmoja anakuwa "Mother", mwingine "cooks", na mwenye "always" anaingia katikati yao, bega kwa bega, darasa zima linasoma. Mtu akishasimama mahali pa neno, hasahau. Nilijivuna sana kwa mbinu hiyo.

Nilipenda pia kuwatumia wanafunzi wenyewe kama mifano. Ayiko, fundi baiskeli, alikuwa akikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, uso kaugeuzia nje. Anaingia wenzake wote wakishakaa, anatoka kabla hatujamaliza. Nikamwona mvivu. Siku moja nikaandika pembeni mwa ubao, kwa herufi kubwa: "Ayiko always sits near the door." Nikawaeleza: Ayiko hukaa karibu na mlango siku zote. Darasa likacheka. Sentensi ile sikuifuta muhula mzima.

Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Driciru, muuza unga wa muhogo, mwanafunzi wangu bora. Kila siku nikiingia namkuta anaisoma sentensi ya Ayiko polepole, midomo ikitikisika. Alikuwa na mjukuu mwenye selimundu, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki.

"Daktari anaongea na nesi juu ya kichwa yangu," aliniambia siku ya kwanza. "Wanasema habari ya mtoto na mimi iko hapo kama kiti. Mimi nataka kujibu mwenyewe."

Jumatano moja wakaja wageni wawili wa shirika linalotulipia chumba, kuangalia kama darasa linastahili kuendelea. Nilivaa shati la Idi. Nikamsimamisha Mama Driciru na boksi la "Mother", nikamsimamisha fundi cherehani na "cooks". Mindra, ambaye kwa kawaida hushika "always", hakuja siku hiyo. Nikamwita Ayiko.

"Mwalimu, weka mutu mwingine," akasema, macho chini.

"Wewe ndiye always wetu," nikasema. Wageni wakatabasamu.

"Mwalimu, huyu hapana," akasema Mama Driciru, sauti ya chini sana.

Wote wawili walikataa, nami niliwasikia wote wawili. Lakini wageni walikuwa na kalamu mkononi, na mimi nikikataliwa mbele ya watu damu hunipanda. Nikamfuata Ayiko hadi mlangoni, nikamshika mkono wa shati, nikamvuta, nikamsukuma katikati. Bega lake likamgusa mama yule. Mama Driciru akaweka boksi lake sakafuni taratibu, akajifunika kitenge kichwani hadi usoni, akatoka. Ayiko alikuwa ameshatoka mbele yake, mbio.

Fundi cherehani ndiye aliyeninong'oneza. "Ayiko alioa Scovia, binti ya huyu mama. Kwao mkwe hapana gusa mama ya bibi yake. Hata kukaa karibu, hapana."

Na unajua nilifanya nini? Nikaita watu wengine wawili, nikapanga sentensi upya, tukasoma. Wageni wakapiga makofi. Hayo makofi bado yananiwasha masikioni.

Jumamosi nilikwenda Koboko kwa mama yangu, nikamsimulia nikitafuta wa kunitetea. Mama Kadijah akikasirika huacha Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, na kuhamia Kiswahili cha kambi za askari alichokirithi kwa babu.

"Nasur, wewe iko mwalimu ama iko askari?" akauliza. "Mutu amekataa mara mbili, wewe navuta. Baba yako alikaa na mama yangu kiwanja hii miaka kumi. Uliona siku moja wanakaa mukeka moja?"

Sikuwahi kuona. Nilikulia ndani ya heshima hiyohiyo, nikaenda kumvunjia mtu mwingine. Nilitamani ardhi inimeze pale pale uani kwetu.

Jumatatu nikaenda kwa Mama Driciru. Alinipa kiti, akaendelea kupepeta unga. Nikamwomba radhi, na sikujitetea.

"Ayiko ameshaleta mbuzi kuosha hiyo maneno," akasema. "Yeye hana kosa, lakini ameleta."

"Mimi ndiye niliyepaswa kuleta mbuzi, mama."

"Wewe haiko mkwe yangu. Kosa ya wewe hapana mbuzi ya kuosha."

Nikamwambia nitaacha ile mbinu ya maboksi, nitampangia Ayiko siku zake na yeye mama siku zake, arudi tu. Akatikisa kichwa.

"Watu yote aliona. Mimi hapana rudi."

"Na kliniki, mama?"

"Nitanyamaza, kama zamani."

Nilisimama niende. Aliniita nikiwa nimeshafika kwenye ua.

"Mwalimu. Ile maneno ya Ayiko kwa ubao, usifute."

"Kwa nini, mama?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama usoni. "Watu alikuwa nacheka, lakini mimi nasoma kila siku. Nasema, mwalimu huyu iko mutoto ya Koboko, lakini ameona vile mkwe yangu anakaa mbali na mimi, ameandika heshima yake watu yote asome. Ndiyo maana nilikuwa naketi mbele bila wasiwasi." Kisha akaisema kwa Kiingereza, kila neno mahali pake, bila kukwama: "Ayiko always sits near the door."

Nilipaswa kumwambia kwamba niliiandika kumcheka.

"Sitaifuta, mama," nikasema, naye akanishukuru.