Roli Mbili za Ami Zayed

Chaja ya gari aliyoiagiza Ami Zayed ilikuwa na ukubwa wa friji la milango miwili. Ililetwa nyumbani kwake Upanga kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikateremshwa na watu sita, na mmoja wao akaumia kidole. Mwinyimvua, fundi umeme wa Gerezani, aliizunguka mara moja, akasoma kibandiko cha nyuma, akavua kofia na kujikuna.

"Unaionaje?" Ami Zayed aliuliza. "Kilo mia na themanini. Kizito ndiyo orijino."

Huo ulikuwa msemo wake. Pasi, feni, stabilaiza, hata boksi la tende, Ami Zayed alilipima kwa mkono kwanza ndipo akaliangalia. Alikuwa ameuza vifaa vya umeme Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwa miaka thelathini, na hakuna mteja aliyetoka dukani kwake bila kuusikia. Mwinyimvua mwenyewe aliuokota hapo ujanani, akawa anawaambia wateja wake kana kwamba ameutunga yeye.

"Ami, hii ni ya kituo cha mabasi," alisema Mwinyimvua. "Kilowati sitini. Ukiiwasha hapa majirani wote watakutembelea, na hawatakuja na salamu. Hii inataka transfoma ya peke yake."

"Nitanunua transfoma."

"Gari linatoka hapa linaenda Kariakoo, linarudi magharibi, linalala mpaka asubuhi. Una haraka ya kwenda wapi?"

Ami Zayed hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alichokuwa nacho ni gari jipya la umeme, jeupe, ambalo kwa siku nne lilikuwa likichajiwa kwenye soketi ya sebuleni, tone kwa tone, kama mgonjwa wa dripu. Na alikuwa ameshawaalika wafanyabiashara wenzake waje Ijumaa, baada ya swala, kuliona likishiba.

Mwinyimvua akamtafutia chaja ya ukutani, kilowati ishirini na mbili, ya umeme wa njia tatu. Ilikuwa na uzito wa kilo sita. Ami Zayed aliipima kwa mkono, akaipima tena kwa mkono wa pili, akairudisha kwenye boksi. Ile kubwa ikabaki uani, na mama yake, Bi Fakhriya, akaanza kuanikia kanga juu yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya waya. Kutoka kwenye mita ya ukutani mbele hadi banda la gari nyuma ni mita arobaini, na njia fupi kuliko zote ilipita juu ya dari ya chumba cha Bi Fakhriya. Mwinyimvua akaandika waya wa milimita kumi, nyaya tano, jumla roli mbili za mita mia mia. Tanesco wangeleta mita ya njia tatu fundi akishasaini fomu kwamba kazi imekamilika na ni salama. Saini ya Mwinyimvua ilikuwa kitu kizito siku hizi, kwake yeye kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Maana Gerezani walimwita Fundi Mara Tatu.

Miaka mitatu nyuma alimfungia Bi Swaumu, mwoka mikate wa karibu na nyumba za reli, oveni kubwa ya umeme. Miezi miwili baadaye ukuta ulishika moto pale waya ulipoingia kwenye swichi. Jiko likaungua na nusu ya paa, na Bi Swaumu akaungua mkono wa kulia kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Waliokuja kutazama walisema ni skrubu: fundi hakukaza, waya ukacheza, ukapata moto. Mwinyimvua alikumbuka kukaza. Lakini walivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kutokumbuka, na baada ya mwezi akawa anamwona kabisa, katika akili yake, Mwinyimvua akiiacha ile skrubu na kwenda kunywa chai. Tangu hapo kila skrubu aliikaza, akaondoka, akarudi akaikaza, akaondoka tena, akarudi. Wateja walidhani ni uangalifu. Yeye alijua ni woga.

Bi Swaumu hakumlaumu hata siku moja. Alisema kazi ya Mungu haina makosa, akatafuta fundi mwingine wa kumrudishia taa, akaifunika oveni iliyonusurika, akarudi kuoka kwa mkaa. Na kila Idd alimletea Mwinyimvua sahani ya visheti, akaishika kwa mkono ule ule. Mwinyimvua angependa zaidi atukanwe.

Basi Jumatatu akaenda Narung'ombe kuchukua waya. Kwa kawaida alijichukulia mwenyewe kwenye shelfu ya juu. Safari hii Ami Zayed alimzuia.

"Hizo acha," alisema, akaingia mwenyewe stoo ya nyuma, akatoka na roli mbili zimefungwa kwenye kiroba. "Chukua hizi."

Mwinyimvua akatia moja kila bega, akaaga, akatoka. Alikata Mtaa wa Sikukuu akipishana na mikokoteni, na kabla hajafika Gerezani mabega yakaanza kumwambia jambo. Miaka yote amebeba roli za milimita kumi kutoka duka hili, na hajawahi kupumzika njiani. Leo alisimama mara mbili. Mara ya pili alisimama mbele ya duka la Ummy, muuza karafuu na pilipili manga.

"Mambo, fundi? Umezeeka?" Ummy alimtania.

"Niazime mizani."

Kilo kumi na moja. Ile nyingine pia, kilo kumi na moja. Mwinyimvua akaziacha pale, akarudi Narung'ombe, akasubiri Ami Zayed apigiwe simu, akamwambia kijana wa kaunta ampe roli moja ya juu, milimita kumi, atalipa yeye. Akaileta kwenye mizani ile ile. Kilo saba na nusu. Imeandikwa milimita kumi, kwa maandishi yale yale, rangi ile ile. Akaikata ncha kwa koleo, akakata na ile nzito, iliyojaa shaba. Nyepesi ni plastiki nene kama ganda la muhogo, na ndani nyuzi nyembamba za kuhesabika.

Alisimama akizitazama zile ncha mbili, moja kila mkono. Waya wa oveni ya Bi Swaumu ulitoka shelfu ile ile ya juu. Skrubu alikuwa amekaza. Aliikaza mara moja, vizuri, kama fundi, na ikakaa. Machozi yakamtoka pale pale katikati ya magunia, na Ummy akamsogezea kitambaa, akamwambia pilipili ya msimu huu ni kali, imeliza wengi.

Lakini furaha yake haikufika hata mwisho wa kitambaa. Akaanza kuhesabu. Saluni ya Mtaa wa Aggrey yenye madraya sita. Mashine ya kusaga ya Jangwani. Chumba cha baridi cha wauza samaki. Yule mchomelea mageti. Kote huko kuna waya wa shelfu ya juu, kote ameufunga yeye na kukaza mara tatu. Mkono wake ulikuwa umesafishwa na bega lake, lililobeba nyepesi miaka yote bila kushtuka, likachafuliwa, dakika moja.

Hakwenda kupigana. Alifanya kazi Upanga Jumanne na Jumatano kwa zile roli nzito, maana Bi Fakhriya hana kosa, na waya mzuri ni mzuri hata ukitoka kwa mtu mbaya. Alhamisi asubuhi kazi ikaisha. Ami Zayed akatoka na fomu na kalamu, akaviweka juu ya ile chaja kubwa, pembeni ya kanga.

"Saini, fundi. Kesho wageni wangu wanakuja."

Mwinyimvua akatoa mfukoni vipande viwili vya waya, akavilaza juu ya fomu.

Ami Zayed alivitazama. Hakujifanya hajui, na kwa hilo Mwinyimvua alimheshimu kidogo.

"Ile ya juu ni ya biashara," alisema. "Hii ni ya nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu wenzangu walipoanza. Walileta nyepesi, wateja wakahamia kwao. Mteja akija anauliza bei, Mwinyi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia waulize uzito. Hakuna aliyeuliza."

"Bi Swaumu ulisikia alivyoungua?"

"Nilisikia."

"Na ulisikia walivyosema ni skrubu?"

Ami Zayed akaokota kipande kimoja, akakipima mkononi bila kukusudia, kwa mazoea tu, akakirudisha.

"Fundi, waya mwepesi taa unawasha. Feni unazungusha. Mimi sikujua ni oveni. Saini hii fomu, hayo mengine tutaongea kiutu uzima. Kwani hapa nimekuwekea waya mbaya? Nimekuwekea mzuri, kwa sababu chini yake analala mama."

Dirisha la chumba cha Bi Fakhriya lilikuwa wazi, kama lilivyokuwa wazi siku zote, na wote wawili walikuwa wamesahau. Bi kizee wa miaka themanini na minane hainuki haraka, lakini masikio yake hayakuwa na tatizo.

"Zayed," aliita kutoka ndani.

"Labeka, mama."

"Huo waya mwingine unapita juu ya mama wa nani?"

Mwinyimvua akachukua kalamu, akaitia mfukoni mwake.

"Gari lina chaji kiasi gani?" aliuliza.

"Asilimia thelathini."

"Gerezani inafika. Tunaenda."

Bi Swaumu walimkuta uani akigeuza makaa, na Ami Zayed, ambaye aliuza maneno miaka thelathini, alitumia machache sana. Alisema waya ulikuwa wa kwake, ulikuwa pungufu, na alijua ni pungufu. Alisema skrubu haikuwa na kosa.

Bi Swaumu alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika koleo la makaa, na Mwinyimvua akawa analitazama hilo koleo. Lakini Ami Zayed alipomaliza, hakumtazama. Alimgeukia Mwinyimvua.

"Kwa hiyo ulikaza."

"Nilikaza."

"Na roli ulibeba mwenyewe, kutoka dukani mpaka hapa. Nakumbuka. Ulikuja unaimba." Akaweka koleo chini. "Hilo bega lako lilikuwa wapi?"

Mwinyimvua alikuwa amejiandaa kusamehewa, akatambua kwamba alikuja kuoshwa mkono tu, bega akalisahau.

"Lilikuwa limezoea," alisema. "Nisamehe."

"Wewe nilishakusamehe kwa kosa ambalo si lako. Hili lako nipe muda." Kisha akamtazama Ami Zayed kwa mara ya kwanza. "Na wewe waya utauleta. Usitume mtu. Utaubeba wewe."

Ijumaa baada ya swala wageni wa Ami Zayed walikwenda Upanga wakaikuta chaja mpya haina umeme, ile kubwa ina kanga, na mwenye nyumba hayupo. Mwenye nyumba alionekana Narung'ombe akitoka dukani kwake na roli ya kilo kumi na moja begani, kanzu nyeupe, jasho, akikata Sikukuu kwa miguu. Wenye maduka walitoka barazani. "Ami, kulikoni? Umeishiwa wachukuzi?" Alipumzika mara nne, ya mwisho kwa Ummy, aliyempa maji na hakumtania. Nyuma yake alikuja Mwinyimvua na orodha mfukoni, saluni ya kwanza, mashine ya kusaga ya pili, na fomu ambayo haikusainiwa mpaka wa mwisho kwenye orodha alipobadilishiwa waya, na hilo lilichukua wiki tano.

Oveni ilifungwa siku ile ile. Mwinyimvua alikaza skrubu za swichi. Mkono ukataka kurudi. Akaushika kwa mkono mwingine, akafunga kifuniko, akarudisha bisibisi kwenye mfuko.

"Hurudii?" aliuliza Bi Swaumu, ambaye jina la Mara Tatu alilijua kama kila mtu.

"Sirudii."

Bi Swaumu akaingiza sinia ya skonsi, akawasha. Oveni ikaanza kunguruma taratibu. Halafu akaenda pale ambapo waya unapita ndani ya ukuta, akaweka kiganja chake cha kulia, kile chenye kovu, akakiacha hapo. Ami Zayed alikuwa amekaa kwenye ndoo akihema. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini, hadi harufu ya skonsi ikajaa uani na watoto wa jirani wakaanza kuchungulia.

"Ukuta wa baridi," alisema Bi Swaumu, na mkono hakuutoa.