Shujaa wa Mwalimu Kalinga

Fuvu la Mtemi Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani, lilikuwa limerudi Uhehe kutoka Ujerumani mwaka ule wa 1954, na mji wa Iringa haukuwa na habari nyingine. Ndipo mkaguzi Mwingereza alipowakusanya walimu darasani, akataka kila mmoja aandike ubaoni shujaa wa historia anayemheshimu kuliko wote. Waliotangulia waliandika wafalme wa Ulaya. Wanafiki wakubwa! Mwalimu Joachim Kalinga, Mhehe wa kuzaliwa na kujivuna, aliinuka, akaandika: MKWAWA.

 Mkaguzi aliutazama ubao, kisha akatabasamu.

"Vyema. Hata serikali inamheshimu."

Kalinga akashusha pumzi. Lakini Mwalimu Zubery, Msangu aliyehamishiwa pale kutoka Mbeya, alikwisha kushika chaki. Chini ya jina lile aliandika: SIWEMA.

"Ni nani huyo?" mkaguzi akauliza.

"Bibi yangu. Jeshi la Mkwawa lilimteka akiwa msichana. Alitoroka, akakata pori peke yake mpaka kwao." Zubery akamgeukia Kalinga. "Wenzake hawakuwahi kutoroka."

Kalinga alifungua kinywa amjibu kwa ukali. Ndipo alipomkumbuka kikongwe wa Kisangu aliyemlea, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza alifikaje Uhehe. Hata kwenye baridi kali ya Iringa alikataa kulala karibu na moto, alilala mlangoni, uso ukielekea Usangu. Nyumbani walikuwa wakimcheka, wakisema anapenda upepo.