Marahaba ya Jabal Akhdar

Bibi yangu Tamima alikuwa haniitikii shikamoo tangu Ijumaa ile niliposema, mbele ya sinia la biriani na ukoo mzima, kwamba hawezi kunyamaza hata kwa muda wa kunywa kahawa. Watu walicheka. Yeye alitafuna achari yake, akanitazama, na toka hapo kila nikimwamkia anageuza uso ukutani.

Mtasema shikamoo ni neno tu. Kwenu labda ni neno tu! Jumapili ilikuwa nianze kazi mbali huko pwani, Ras al Jinz, kwenye kituo cha kasa, na kwetu msichana haondoki nyumbani hajaitikiwa. Ni kama kusafiri bila ya radhi. Nikaapa sitoki mjini kwetu Nizwa mpaka niipate marahaba yangu.

Basi Bibi akafanya nini? Akaenda kuninyamazia mlimani! Muuguzi wake wa sukari, mama wa Sri Lanka, alikuwa na wenziwe Wabudha waliokodi nyumba juu ya Jabal Akhdar, wakae siku chache hawasemi. Bibi akakunja mswala wake na kanga mbili, akapanda nao.

"Mie nasali zangu, nao wafumbe macho yao," alimwambia binamu yangu Anas. "Na huyo Najla, akiitaka marahaba yangu, si ana baiskeli? Aifuate huko huko."

Nikaifuata! Mlima ule ni mkali, hata gari ndogo haziruhusiwi kuupanda. Polisi wa kizuizini aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akacheka, nikacheka, nikapita. Kona ya kwanza niliimba. Kona ya pili nilimwomba Mungu. Baadaye sikujua tena kama naipanda baiskeli au yenyewe ndiyo inayonipanda. Anas alinifuata taratibu na gari lake kubwa, kichwa kakitoa dirishani.

"Yallah, Najla! Mbuzi huyo anakupita!"

Na wallahi alikuwa ananipita. Nilicheka mpaka nikaangukia ubavu, nikainuka, nikakanyaga tena. Jasho masikioni, na moyoni furaha ya kichaa kabisa.

Nikauingia ua wa ile nyumba. Chini ya mikomamanga alikaa mwalimu wao wa Kibudha, kipara, kajitanda shuka la manjano, na wenziwe wamefumba macho. Katikati yao Bibi, midomo kaibana. Niliibwaga baiskeli, nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kinywa.

Pumzi hakuna.

"Shi..." nilisema. "Shi..."

Bibi akafumbua jicho moja, akangoja. Mkubwa haanzi, ndiyo adabu yetu; na mimi mdogo nimekatika. Nikajaribu tena, ukatoka mluzi tu. Nikamwona mashavu yanamvimba, vidole vinafinyanga kanga. Watu wote wakafumbua macho. Mwalimu naye akafumbua.

"Marahaba!" Bibi akalipuka. "Marahaba, mwana wee, marahaba! Na ya jana marahaba, na ya juzi marahaba, na zote zile nilizokunyima, marahaba! Nani kakwambia upande jabali na jua hili, weye una wazimu? Khalas, mleteeni maji, mwanangu anakufa!"

Mwalimu alikuwa wa kwanza kukimbilia maji, anacheka bila ya sauti. Bibi akanikumbatia na jasho langu lote, nami nikalia kwa raha. Shikamoo yenyewe nilikuwa bado sijaitamka.