Bawa la Juu

Nyumbani naitwa Redio, kwa sababu naongea hata umeme ukikatika. Jina alinipa dada, baba akalipitisha, na tangu nimalize kidato cha nne hiyo ndiyo kazi pekee niliyopata: kukaa katikati yao na kutangaza. Wakinuniana, natia mzaha. Ukidunda, natia wa pili. Wa tatu huwa hauhitajiki, kwa sababu mmoja wao atakuwa ameshacheka na kujifanya alikuwa anakohoa.

Usinidharau. Ni kazi ya vipimo. Hasira ya baba ina ngazi, na mimi nazisoma kama dereva anavyosoma geji. Akiwa na amani, dada anaitwa "mama". Joto likipanda, anageuka "binti". Likichemka, "wewe bibi". Ukishasikia "wewe bibi", vaa viatu, kumbuka kuna mtu anakuhitaji mahali. Mimi lazima niingie kati ya "mama" na "binti". Mlango wenyewe ni mwembamba, lakini nimeshaupita mara nyingi.

Asubuhi hiyo dada alinibana jikoni, mkono mmoja umeshika sufuria, mwingine umeshika kola yangu.

"Leo namwambia."

"Kuhusu ile kazi?"

"Punguza sauti, we spika! Jumamosi naondoka. Tukishaweka bawa la juu la ile ndege yake ya mbao, atakuwa amefurahi, namwambia hapo hapo."

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Ukisikia sauti inapanda, ingia na upuuzi wako. Wowote ule. Mdogo wangu, sitaki kutoka humu kama mwizi. Nataka aniambie kwa mdomo wake, nenda salama. Hayo tu."

Dada alikuwa mpiga rangi gereji. Amepaka milango na mabampa ya mji mzima, mpaka akipita barabarani anasalimiana zaidi na magari kuliko watu. Sasa karakana moja ya ndege, mji wa mbali, ilikuwa imemwita akapake ndege za kweli. Mtu ameinamia bampa miaka yote, unamwambia njoo upake bawa, nani angekataa?

Baba. Tangu mama abebe kibegi kwenda hospitali, akasema ni siku mbili tatu tu, na asirudi, baba hapendi kuona mtu wa nyumba hii na mzigo mkononi. Hata nikienda dukani na mfuko mkubwa ananiuliza, "Huo wote wa nini?"

Baba anatengeneza fremu za picha. Baada ya msiba alikaa muda mrefu bila kugusa msumeno, mpaka siku moja akaletewa picha ya zamani aiwekee fremu: ndege ya vita ya zile enzi ndege zilikuwa mbao na kitambaa, mabawa mawili yamepandana kama kitanda cha bweni, rubani kichwa nje, bunduki mbele yake. Baba aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Hii ni fremu tu. Fremu iliyopata kiburi ikaruka." Kesho yake akaanza kuikata, kila kipimo amekigawa kwa ishirini na nne, mbavu za mabawa nyembamba kama njiti za kiberiti, na rubani wa mbao wa kukaa ndani. Dada akatia mkono. Kwa ngozi ya mabawa alitumia ile karatasi laini wanayofungia viatu dukani, akainyunyizia maji ikavutika ikawa kama ngoma. Rangi ya kijani ya jeshi hakuinunua. Alichanganya nyeusi na njano, akaonyesha baba, na baba akasema "aah" kama mtu aliyewekewa kiti.

Ndani ya chumba kile cha kazi walikuwa wanaongea. Si mengi. "Nipe tupa." "Hiyo hapo." "Msasa laini." "Umeisha, tumia huu." Lakini kwa nyumba yetu, hiyo ilikuwa hotuba. Mimi nilikuwa mkono wa tatu: shika hapa, pulizia hapa, usipumue hapa.

Bawa la juu ndilo lililobaki, na mistari mitatu ya mkiani. Bawa linakaa juu ya vijiti vinane ambavyo baba anaviita nguzo. Ni vyembamba mno. Ukiweka kibanio vinavunjika, ukiweka uzito vinapinda. Vinataka mikono ya mtu, isiyokaza wala kulegea, mpaka gundi ishike.

Baba akavaa miwani, akakagua ncha za nguzo.

"Mama, umepaka rangi mpaka huku juu."

"Ili zipendeze, baba."

"Zinapendeza. Lakini gundi haishiki rangi, inashika mbao. Itateleza tu hapo juu juu."

Dada akachukua wembe, akakwangua ncha moja moja mpaka mbao ikaonekana, mimi nikawa natangaza mechi: "Anakwangua, anakwanguaaa, nusura akate kidole!" Baba akakohoa. Nikajua ni kicheko. Nikamkonyeza dada: geji iko chini kabisa, leo ni leo.

Gundi ikatiwa. Tone lililobaki baba akalidondosha kwenye kizibo cha chupa, akakiweka mwisho wa meza upande wake. Ndiyo desturi yake: tone la kizibo likikauka, ujue na la ndani limekauka. Bawa likashuka polepole, nguzo zikaingia, na dada akanikalisha mezani, akanivuta viganja akavipanga chini ya bawa, kulia na kushoto.

"Hapo hapo. Usiachie."

"Hata nikiwashwa pua?"

"Hata ukiitwa na malaika. Ukiachia, kazi yote ya baba chini."

Ndipo honi ikapigwa nje.

"Hodi hodi! Wenyewe wapo?"

Baba akatoka akifuta mikono. Dada akasikiliza ile sauti, uso ukambadilika, akatoka mbio nyuma yake. Mlango ukarudi, ukabaki wazi kiasi cha paka mmoja kupita. Sikuona mtu. Nilisikia tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, mzee. Mimi dereva, nimemfuata binti yako. Tulisema Jumamosi, lakini mzigo wa karakana umewahi, naondoka sasa hivi. Nikasema nimpitie, gari lingine mpaka mwezi ujao, na wale hawangoji."

"Unampitia kwenda wapi?"

Hata mimi nilitamani mtu adondoshe kijiko.

"Hajakwambia?" dereva akauliza, na kwa sauti yake nilijua alikuwa anarudi nyuma. "Basi mimi nitangoja garini."

"Baba," dada akasema, "nilikuwa nakuambia leo. Nilikuwa nangoja tumalize bawa."

"Mama, umepata kazi?"

"Ndiyo, baba. Kupaka ndege. Za kweli."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi mzima, binti, tunakaa meza moja."

Binti! Huo ndio mlango wangu. Miguu yangu ikainuka yenyewe, na bawa nalo likainuka kidogo upande wa kushoto. Nikakaa tena haraka kama niliyevutwa shati. Nguzo moja ilikuwa imechomoka nusu. Nikairudisha kwa kidole kidogo, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope, na nilipomaliza nilikuwa sithubutu hata kumeza mate.

Basi nikatangaza kutoka nilipo. "Baba! Rubani wetu anaomba ruhusa akajisaidie!"

"Shika bawa!" baba akajibu, bila hata kugeuza shingo, nilivyosikia.

Mzaha wa kwanza, ukutani. Nikatafuta wa pili. Nakuapia, nilikuwa na mizaha ya kumfanya maiti aombe maji, lakini mzaha unataka sura. Unataka uingie na kofia ya dada kichwani, umkanyage mtu kidogo, umtazame baba machoni. Ukiupitisha mlangoni kiasi cha paka, unafika kule umekuwa kelele.

Nikafikiria kidevu. Nikakishusha katikati ya bawa niachie mkono mmoja; bawa likalia *krii*, nikakitoa. Nikajaribu kuikokota meza kwa mguu hadi mlangoni, ile meza ya mninga ambayo ilihitaji wanaume wanne kuingia humo ndani. Kizibo chenye tone kilikuwa kule mwisho, upande wa baba, kinang'aa. Nikanyoosha shingo, nikatoa na ulimi, sikujua hata ungenisaidia nini. Sikufika. Kutoka nilipokaa tone lilionekana bichi kabisa.

"Nani atapika humu?" baba alikuwa anauliza. "Nani atanisomea risiti, macho yangu haya?"

"Redio yupo."

"Redio hata akipaka mkate siagi, yote inabaki kwenye kisu."

Nikacheka peke yangu. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa yake! Nikangoja dada acheke, nikangoja kikohozi. Hakukohoa mtu.

"Na ile ndege? Tuliianza wawili."

"Imebaki mistari mitatu, baba. Nitakuja likizo niipake."

"Mama yenu naye alisema atakuja."

Hapo nilisikia kiti cha sebuleni kikisogea, nikajua mmoja amekaa. Sikujua ni nani. Tangu msiba, nyumba ile haikuwahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nayazuia. Kila yalipokaribia, niliyaruka na kichekesho, tukaenda upande wa pili.

"Baba, mimi siumwi. Naenda kazini."

"Hata yeye alitembea kwa miguu yake mpaka garini."

"Niambie basi nifanyeje."

"Si umeshafunga begi? Nenda."

"Nataka uniambie nenda salama."

"Nimekwambia nenda."

"Hivyo sivyo. Kwa moyo, baba."

"Moyo wa akiba sina."

Halafu akamwita jina lake. Si mama, si binti, hata si wewe bibi. Jina kamili, lile la kwenye cheti, na la babu ndani yake. Ngazi hiyo sikuwa nayo kwenye geji. Akalitaja kama mtu anayesoma jina kwenye orodha kuona kama mwenyewe yupo.

"Gari linakungoja," akasema.

Nilisikia zipu. Nilisikia kabati la dada, lile linaloguna. "Baba!" nikaita, sasa bila mzaha wowote. "Dada! Ngojeni, nakuja!" Nikasema nakuja, na mikono yangu haikuja. Ilikuwa imekufa ganzi mpaka kwenye mabega, na chini ya viganja nilihisi, au nilidhani nahisi, bawa likitetemeka. Kumbe nilikuwa natetemeka mimi.

Mlango ukasukumwa. Dada alikuwa na begi begani na ovaroli imening'inia kwenye mkono, macho mekundu.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Kila nikinyamaza, nakusikilizia wewe."

"Dada, nilitaka…"

Akatazama mikono yangu chini ya bawa. Halafu akacheka kile kicheko kinachotokea puani pamoja na machozi.

"Kumbe nimekukataza mwenyewe."

"Shika wewe hapa kidogo, mimi nikaongee naye. Dakika moja tu. Namjua, dada, namjua!"

Honi ikapigwa. Akaniinamia, akanifuta jasho la kope kwa mkono wa ovaroli, ambao ulinuka tina ya kuchanganyia rangi kama kawaida yake, akanigonga utosini kwa kiganja. Nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia kwa shingo tu, kama twiga.

"Mistari yenyewe myeupe," akasema. "Usithubutu kuipaka wewe."

Akaenda. Nilisikia akisimama sebuleni. Alisimama kiasi cha mtu kusema maneno mawili. Halafu mlango wa mbele, halafu mlango wa gari, halafu gari.

Baba alichelewa kuja. Alipokuja, akakaa kwenye kiti chake, akavaa miwani, akaivua. Akachukua msasa akauweka pale pale ulipokuwa.

"Bado unashika?"

"Mlisema nisiachie."

Akakivuta kizibo. Akaligusa tone kwa ukucha. Likalia *tik*, gumu kama jino. Akaligusa tena.

"Hii imekauka zamani," akasema. "Imekauka hata kabla dada yako hajafunga begi, kwa joto hili. Achia."

"Itaanguka, baba."

"Haianguki. Achia."

Sikuachia. Ikabidi anyooshe mikono yake, anitoe vidole kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto kwenye nondo za dirisha. Bawa likabaki juu. Halikuyumba. Lilikuwa limenyooka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile, nguzo zote nane zimesimama, rubani wetu mdogo ametazama mbele. Mikono yangu ikabaki hewani, imejikunja, imeshika bawa ambalo halipo.

Tukaitazama. Mkiani palikuwa patupu, pakingoja mistari.

"Sema kitu basi, Redio," baba akasema.

Nikafungua mdomo. Nikatafuta, nakuapia nilitafuta kila kona.

Nje honi ikapigwa. Tukageuka wote wawili, na baba alikuwa ameshasimama, ameshafika mlangoni na miwani mkononi, ndipo sauti ikafuata:

"Gesiii! Mitungi ya gesi!"

Akabaki amesimama pale, ananipa mgongo.

"Gesi ipo?" akauliza.

"Ipo, baba."

"Haya," akasema. Lakini hakurudi kukaa.