Kipande cha Mti Chini ya Ngazi

Mjukuu wangu Nuhu alianza kazi kwenye malori ya mawese ya kule Kizuka. Lori likisimama mlimani, yeye ndiye aliyeruka kuweka kipande cha mti nyuma ya gurudumu. Alipoajiriwa kusukuma ngazi za ndege kwenye uwanja wa Bujumbura, akakuta ngazi moja breki yake imekufa. Akaiwekea kipande cha mti, na kila siku abiria wakashuka salama.

Siku moja mkubwa wake, Hyacinthe, akakiona.

"Toa huo uchafu! Hapa si kwa malori ya mawese. Wageni watatucheka."

"Shefu, breki haishiki."

"Toa!"

Akatoa. Ngazi ikateleza, na mama mmoja alikuwa ameshaikanyaga. Nuhu akamdaka. Mama akapona, gurudumu likaponda mguu wa Nuhu. Mama yule, ambaye hata jina hatulijui, alivua kitenge chake akamfunga jeraha, akakaa naye kwenye lami mpaka gari la wagonjwa likafika. Mungu amlinde. Hyacinthe hakuinama hata kumtazama.

Wiki tatu baadaye alikuja kwetu Rumonge na karatasi. Kwetu mgeni haambiwi neno kali kabla hajala. Nikampikia samaki wa mukeke, nikamtengea ugali, nikameza hasira yangu. Akala, akanawa, ndipo akaifungua ile karatasi.

"Nuhu, weka sinye hapa, andika jina lako. Unakubali ulisahau breki. Ukipona, kazi yako iko."

"Na nikikataa?"

"Kazi haiko. Mama, mwambie mutoto aache kichwa ngumu."

"Umeshiba?" nikamuuliza.

"Nimeshiba, murakoze, asante."

"Basi nisikilize. Umekula chakula changu, halafu unataka mjukuu wangu aseme uongo mbele yangu, mguu wake ukiwa bado unatoa usaha! Nani alimwambia atoe ule mti?"

"Mama, hayo ni mambo ya biro, ya ofisini."

"Mguu ni wa biro?"

Nuhu akaomba kalamu. Nikadhani amekubali, lakini ni mtu mzima, sikumshika mkono. Akageuza karatasi, akaandika polepole, akasoma kwa sauti: "Breki ilikuwa imekufa. Niliweka mti. Shefu Hyacinthe aliniamuru niutoe." Akatia sinye.

"Hiyo mimi siibebi," Hyacinthe akasema, akasimama.

"Tutaibeba wenyewe. Na ile ngazi, mumeitengeneza?" nikamuuliza.

"Bado," akasema, akatoka.

Watu walikuwa bado wanaishukia! Nikajifunga mtandio, nikamwinua Nuhu, tukapanda gari la Bujumbura mchana ule ule, kuipeleka ile karatasi kwa wakubwa wa uwanja wa ndege.