Nyimbo za Kompyuta ya Benta

Kwa zaidi ya miaka ishirini Ogeto alikuwa fundi wa kompyuta pale Suna, lakini siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha vioo vya simu. Ndiyo maana Benta, katibu mstaafu wa parokia, alipompigia kutoka Sindo kuhusu kompyuta ya mwaka 2001, alifunga duka asubuhi hiyo hiyo.

"Ndani kuna nyimbo za akina mama wa hapa," Benta alimweleza alipofika. "Waliniimbia kwa Kisuba, lugha ya wazee wetu, mimi nikapiga chapa. Wengi wametuacha. Nazitaka kwa laptopu ya Valary."

Valary, binti yake, alifungua laptopu. Kabla hajaketi vizuri, ilikuwa imeshajiunga na mtandao.

"Si hiyo ya mama nayo ijishike na mtandao tu?" Valary akauliza.

Ogeto akacheka. "Hiyo haikuzaliwa ikijua. Enzi zetu kompyuta ulikuwa unaifunza mtandao kwa mkono."

Akamsimulia jinsi yeye na mwenzake Austine walivyohangaika siku tatu kuunganisha kompyuta mbili za saiba yao ya kwanza, duka la intaneti. Unachomeka kadi ya mtandao, mashine haiitambui. Unatafuta disketi yenye programu yake, disketi imeharibika, unapanda gari hadi Kisii kutafuta nyingine. Jina la mashine moja lilipotokea hatimaye kwenye skrini ya nyingine, Austine alipiga kelele hadi muuza samosa wa jirani akadhani kuna moto.

"Tulikuwa vijana," Ogeto akasema, akiivuta kompyuta kuukuu karibu.

Kompyuta ya Benta haikuitambua hata flashi. Ogeto akaziunganisha mashine mbili kwa waya, akaweka programu ya kadi kutoka kwenye CD, akaandika anwani za mtandao tarakimu kwa tarakimu. Wapi! Laptopu ilikataa kuzungumza na mashine kuukuu kwa sababu za usalama. Ikabidi airuhusu itumie njia ya zamani kwa muda. Vidole vyake vilikumbuka mambo ambayo kichwa kilishasahau.

Mara jina likatokea kwenye skrini ya laptopu: BENTA-PAROKIA.

"Nyasaye! Mungu wangu!" Benta akapiga makofi. Ogeto akaanza kunakili.

Nyimbo arobaini na moja zilivuka kabla chai haijapoa. Valary akafungua mmoja, akaanza kuusoma, akakwama kwenye neno la Kisuba. Mama yake akalidaka, akaendelea kwa kuimba, sauti ikikwaruza mwanzoni.

"Huu ni wa Leonida," akasema alipomaliza. "Alikuwa anauimba akianika samaki wa omena ufukweni."

Valary akaandika jina hilo juu ya wimbo.