Uso wa Mama Rogathe

Programu ilimaliza kuchuja picha za sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi Rogathe, kabla uji wa Blessing haujapoa. Picha zilizotulia ziliwekewa alama ya kijani, zilizotikisika nyekundu. Kazi ya Conjesta ilikuwa kufuta nyekundu zote na kutia kijani kwenye flashi. Ndivyo Wilbert, mwenye studio, alivyotaka. Mwenyewe alikuwa Sigino akipiga picha za kipaimara, naye Conjesta alibaki na mwanawe Blessing katika chumba cha studio, Bagara, akitazama watu asiowajua wakicheza, wakikumbatiana. Mara nyingine alijikuta anacheka nao, halafu akanyamaza.

Kabla ya kufuta, akapitisha macho. Mashangazi wapo. Kamati nzima ipo, hadi mshereheshaji na tai yake. Mama mzazi hayupo.

Akafungua nyekundu. Mama Rogathe alikuwa huko, kila picha, kwenye kiti cha mzazi. Shanga za gauni lake zilionekana moja moja, lakini uso ulikuwa kama umepitishiwa kitambaa chenye maji. Conjesta akaelewa: yule mama ana ugonjwa wa kutetemeka, kichwa hakitulii hata akiwa ameketi. Mashine ingejuaje? Iliona picha mbovu tu.

Na Rogathe alikuwa amepita hapo siku iliyotangulia, akasema keshokutwa alfajiri anapanda basi kwenda kwa mume, Mtwara, safari ambayo mama yake haiwezi. Za wengine hata zisipotoka sawa hatalalamika. "Mimi nipate ya mama tu, mama Blessing."

Basi Conjesta akaanza upya, picha kwa picha, akizikuza mpaka uso ujae kioo. Blessing alipoamka, akamnyonyesha huku mkono mmoja ukiendelea na kazi. Uji ukapoa, ukashika utando.

Akaipata kwenye keki. Rogathe ameinama anamlisha mama yake, na kiganja chake kimoja kimeshika kidevu cha mama, bila haraka, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo kila mlo. Ndani ya kiganja kile kichwa kimetulia. Macho, makunyanzi, hata chembe ya keki mdomoni, vyote wazi. Aliyetikisika ni bi harusi mwenyewe, aliyekuwa karibu na kamera: ukungu mtupu.

Akampigia Wilbert. Wilbert akasema afute.

"Bi harusi asionekane kwenye sendofu yake? Watasema kamera ya Wilbert ina matongo."

Conjesta akaitikia haya kaka, akakata simu, na hakufuta.

Jioni Rogathe akafika, bajaji ikimsubiri nje. Conjesta alimweleza taratibu jinsi uso wa mama ulivyotikisika kwenye nyingine zote, kwa aibu, utadhani ni yeye aliyetikisika. Kisha akamfungulia ile ya keki.

"Ila wewe huonekani," alimwambia.

Rogathe akausogelea uso wa mama yake mpaka pumzi ikatia mvuke kwenye kioo. "Mimi nitajiangalia kwenye kioo cha kabati," akasema. "Hiyo nitolee mbili."

Mashine ya kuchapa ilipokuwa ikinguruma, akamuuliza Conjesta yeye sendofu yake alifanyia wapi. Conjesta akajibu kwamba aliondoka kwao Dareda na begi moja, na mimba, wala hakuna aliyemuaga. Alisema hivyo akiwa anazipangusa picha, ingawa hazikuwa na vumbi. Dereva wa bajaji akapiga honi.

Rogathe akaichukua picha moja, ya pili akaiacha mezani.

"Hiyo mpelekee mama kesho. Ndugu wakishaondoka, mchana atakuwa peke yake. Ukae naye kidogo, na huyu mtoto umpeleke. Anapenda watoto, ila siku hizi watu hawampi awashike, kwa kuwa anatetemeka."

Conjesta alimtazama Blessing, akaitazama mikono ya yule mama kwenye picha, imelala mapajani.

"Nitamkalisha katikati yetu," akasema. "Nyumba iko upande gani?"